Kuhamia Urambo na familia: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu tuhamie huku 2019 simu yangu imegeuka ofisi ya habari. Mara shemeji, mara mtu niliyesoma naye Mbagala, mara mtu simjui kabisa kapewa namba na mtu nisiyemjua pia, na wote mnauliza yale yale. Nimechoka kurekodi voisi za dakika sita sita, bora niandike mara moja yaishe. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, alipata uhamisho, mimi ni fundi nguo nina cherehani zangu kwenye fremu karibu na soko, watoto watatu. Sio mwenyeji, mi Mzaramo, huku naitwa Mama Dar mpaka leo, kwa hiyo nachosema ni macho ya mtu wa kuja.

Urambo ndo wapi, Kigoma?

Hapana, Tabora. Toka Tabora mjini unaelekea magharibi kilomita 90 na kitu, lami tupu, ukinyoosha mbele ndo Kaliua. Jina limetokana na Mtemi Mirambo, yule aliyewakosesha usingizi wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora mpaka alipofariki 1884, makao yake yalikuwa huku. Ni makao makuu ya wilaya, kwa hiyo ofisi za serikali zipo, benki ipo, soko lipo, stesheni ya treni ipo. Ila usije na picha ya Kahama kichwani. Ni mji mdogo, ukigombana na mumeo asubuhi mchana muuza mchicha anakuuliza mmeshapatana.

Nije kuuangalia mwezi gani kabla sijaamua?

Mwezi wa kumi. Hili ndo swali ambalo hamniulizi na ndo nalotaka mlisome kuliko yote.

Huku maisha yanaendeshwa na tumbaku. Miche inaoteshwa kwenye vitalu mwezi wa nane wa tisa, mvua zikianza kama Novemba inahamishiwa shambani, majani yanachumwa kuanzia mwanzoni mwa mwaka, yanakaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni, halafu masoko yanafunguliwa na hela inaanza kuingia kuelekea katikati ya mwaka. Sasa ukija Juni au Julai utaupenda huu mji mpaka ujishangae. Usiku kuna kabaridi kazuri, harusi kila Jumamosi, vijana wanazungusha pikipiki ambazo nailoni ya siti hawajaitoa, nyama choma moshi mpaka barabarani, kila mtu ana hela na kila mtu ana tabasamu. Mi nilikuja Julai. Nilimwambia mume wangu hapa tumefika, nikalipa fremu mwaka mzima.

Oktoba ni mji mwingine. Jua linachoma toka saa tatu, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria lenye mfuniko, visima vimeshuka, ile hela ya Julai imeshaisha na mkulima ameshachukua mbolea na mbegu kwa mkopo wa msimu ujao. Watu sio wabaya, wamechoka tu na joto na kusubiri mvua. Ukiuona mji hivyo, ukakaa siku nne tano na watoto, na bado ukasema naweza kuishi hapa, basi hamia. Ukija Julai hujauona mji, umeona sikukuu.

Nikifungua biashara nitapata wateja?

Wateja utapata, hela ndo swali. Nilifungua mwezi wa nane, Novemba nikawa nakunywa chai ya rangi na kuangalia barabara. Januari watu wakaja wengi sana, sare za shule, nikafurahi, kumbe wote wanakuja kukopa. Ninalo daftari langu la kaunta lile gumu la kijani, ukilifungua kurasa za Januari utaona jina, sketi mbili shati mbili, halafu pale kwenye tarehe ya kulipa neno moja tu: tumbaku. Mstari wa pili tumbaku. Ukurasa mzima tumbaku. Mwanzo nilikuwa nakataa, mama mmoja jirani akaniambia Mama Dar ukikataa hapa utashona nguo zako mwenyewe.

Na wanalipa, ntakuwa mkweli, wengi wanalipa. Ila na wao wanamsubiri mtu. Jani linapelekwa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, linapangwa madaraja, mnunuzi anapanga bei kwa dola, halafu hela inapita benki mpaka imfikie mkulima, na huko njiani kila mtu ana makato yake. Mwaka mmoja kwenye chama cha wateja wangu wengi malipo yalichelewa mpaka mwezi wa tisa, mi nilikuwa nadaiwa vitambaa na mtu wa Tabora mjini, nikauza cherehani moja. Nilikuwa nazo nne.

Kwa hiyo ukija na biashara njoo na akiba ya kula miezi sita bila kuuza kitu, na chagua bidhaa mtu anayoweza kununua kwa elfu moja mwezi wa pili. Anayeuza maandazi na chai hana shida kama mimi. Watumishi wenye mshahara wa mwezi wapo lakini ni wachache na wote tunawagombania sisi sisi.

Shule?

Za serikali zipo msingi na sekondari, ada hakuna tangu 2016, michango michango haikosekani. Inglishi midiamu ni za kuhesabu na usitegemee kiwango ulichozoea Dar, kama hilo ndo sharti lako la kwanza angalia Tabora mjini.

Wazazi wengi wanauliza matokeo ya darasa la saba. Mi nakwambia ukifika shuleni msalimie mwalimu mkuu vizuri, halafu umuombe akuonyeshe daftari la mahudhurio la mwezi wa pili na wa tatu. Hapo ndo uchumaji umechanganya, watoto wa shamba wanachuma majani na kuyafunga kwenye vijiti, na darasa linapungua. Mwalimu akiwa na wanafunzi nusu hawezi kwenda mbele, anarudia. Wangu wa kati alikuwa anarudi ananiambia mama leo tumesoma kile kile cha juzi. Kuna shule mwalimu mkuu kakomaa na wazazi mpaka mahudhurio yanasimama, kuna shule wameshakata tamaa, na zinaweza kuwa zimeachana kilomita mbili tu. Daftari halidanganyi.

Mkubwa tulimpeleka bweni Tabora mjini, kule shule zina historia, si ndo Nyerere mwenyewe alisoma Tabora Boys. Roho iliniuma lakini saa mbili za gari sio mbali. Wa kati alichekwa wiki mbili kwa Kiswahili chake cha kunyoosha pua, wiki ya tatu akawa golikipa, saa hizi ananitukana Kinyamwezi nisielewe.

Hospitali je? Nasikia malaria imezidi

Umesikia vizuri. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipima watoto chini ya miaka mitano, nchi nzima wakawakuta na malaria kama 8 katika kila 100, mkoa wa Tabora ulikuwa wa juu kuliko yote, kama 23 katika 100. Hiyo sio ya kutishana, ni ya kupanga nayo maisha. Neti kila kitanda, hata cha mgeni, na mtoto akichemka unapima siku hiyo hiyo, habari ya kusubiri kesho tuone iache Dar.

Mwaka wetu wa pili, mwezi wa tatu, mvua inanyesha, mdogo akaanza kutetemeka saa sita usiku. Bodaboda tuliyempigia hakupokea, wa pili hakupokea, mume wangu akambeba mgongoni na kanga yangu na mwavuli, mimi nyuma na tochi ya simu kwenye tope. Tulipofika wakapima, ipo, na nyingi, ila sindano iliyotakiwa imeisha. Mume wangu akazunguka mji mzima anagonga milango ya maduka ya dawa, la nne ndo wakaamka. Mtoto alipona. Siku hizi namba za boda watatu nimeziandika kwa makapeni ukutani, na nina bahasha ya homa kabatini haiguswi hata kama nyumba haina chumvi.

Hospitali ya wilaya ipo hapa hapa, ikishindikana unapelekwa Kitete Tabora mjini, na yale makubwa zaidi ni Bugando, Mwanza. Ukiwa na mtoto mwenye ugonjwa unaohitaji daktari bingwa kila mwezi, mwambie mwajiri wako akutafutie sehemu nyingine, sikufichi.

Na mkienda porini, kutalii au kutafuta asali, kuna mbung'o, wenyeji wanaita ndorobo, anauma mpaka kupitia shati. Ukipata homa baada ya safari ya pori mwambie daktari ulikuwa pori, asikupime malaria tu akakurudisha nyumbani, maana malale, ugonjwa anaouleta huyo mbung'o, bado upo pande hizi.

Nyumba nzuri zinapatikana? Maji na umeme?

Zinapatikana, vyumba vitatu na choo ndani kwa bei ambayo Dar ungepata chumba na sebule. Wenye nyumba wanataka miezi sita mpaka mwaka kwa mpigo. Umeme upo, mvua kubwa na upepo zikija unakatika, pawabenki na taa ya sola ni lazima.

Maji ndo uchunguze. Kuwepo bomba uani sio kuwepo maji. Dalali wangu alinionyesha bomba linang'aa jipya, sikulifungua, niliona aibu kumkagua mtu mzima. Lilikuwa linatoa upepo. Fungua bomba mwenyewe, halafu nenda kwa jirani usalimie, umuulize Oktoba wanachota wapi na dumu moja shilingi ngapi. Nyumba yenye simtanki na mabati ya kuvunia mvua ongeza hata hela kidogo uichukue. Kisima cha uani kizuri lakini angalia kimeachana vipi na choo, na maji ya kunywa chemsha.

Halafu usipange karibu na bani au ghala la tumbaku. Ile harufu mwanzo unaona kama tamu tamu hivi, baada ya mwezi iko kwenye mashuka, kwenye nywele za mtoto, kwenye mkate. Mwenye pumu hapo hakai.

Tutakula nini?

Hapa ndo nanenepa. Karanga, asali, mahindi, viazi vitamu, kuku wa kienyeji, mvua zikianza uyoga wa porini unauzwa kwenye ndoo barabarani mkubwa kama sahani, na msimu wa maembe mtoto haombi chakula cha mchana. Kuna matobolwa na michembe, vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa, matobolwa vinachemshwa kwanza, michembe vinakatwa vikiwa vibichi vinaanikwa. Mara ya kwanza nilidhani nimepewa vipande vya mbao. Ukivipika na karanga za kutwanga, chai pembeni, saa kumi na moja jioni, basi tena.

Migebuka na dagaa na mawese vinatoka Kigoma, treni ikipita stesheni wale kina mama wananyanyua mabeseni madirishani, inabidi uwe na chenji mkononi maana haisubiri. Nachokosa mimi ni nazi. Nazi huku inafika imechoka na bei yake sio ya kuipikia maharage ya Jumatatu, kwa hiyo mama yangu ananitumia kwenye kiroba kwa basi na kondakta ananijua kwa jina la Nazi. Samaki wa baharini sahau.

Tukija tununue shamba tulime?

Polepole. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Tanganyika kuja kulima karanga, mradi mkubwa sana, Kongwa, Nachingwea na hapa hapa Urambo, hela kibao, wataalamu kibao, 1951 wakaufuta. Karanga bibi wa hapa alikuwa anavuna bila trekta. Tumbaku ndo ikashika nafasi baadaye. Kila nikimuona mtu wa Dar amekuja na kalkuleta anazidisha gunia kwa ekari huwa nawakumbuka wale.

Kodi ekari mbili msimu mmoja kwanza. Mvua huku ni msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili hivi, ukikosea umekosea mwaka. Tumbaku yenyewe sio ya kujaribu jaribu, ina kazi usiku na mchana na kuni zinakwisha, misitu imerudi nyuma mpaka wafuga nyuki wanalalamika.

Na kununua, shamba la kijiji halinunuliwi kwa mtu mmoja na karatasi ya mtendaji chini ya mwembe. Halmashauri ya kijiji inakaa, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha, unaandikwa kwenye muhtasari. Mtu tunayesali naye alinunua ekari kumi nzuri kabisa, akang'oa visiki, msimu wa pili wakaja watu wa misitu wakamwonyesha jiwe la mpaka lilikuwa kwenye kichaka katikati ya mahindi yake. Hifadhi. Aliyemuuzia hapatikani. Huku mapori ya akiba na misitu ya hifadhi ni mengi, kwa hiyo tembea na wazee wa kijiji mipaka yote minne kabla hujatoa hata shilingi.

Watu wakoje, watatupokea?

Wanyamwezi ni watu wa kupokea, wamechanganyika na Waha na Wasukuma waliokuja na ng'ombe, na wapo wenye asili ya Burundi waliokuja miaka ya 1970. Jifunze salamu tu, mwangaluka asubuhi, mwadila mchana, na usimpite mtu mzima bila kusimama. Kuinua mkono toka kwenye pikipiki sio salamu. Mimi mwezi wa kwanza nilisemwa nina maringo kumbe nilikuwa nawahi.

Mi nilikuwa na bahati nyingine, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara ya kwenda pwani. Tulifiwa na jirani mzee, nimekaa na kina mama nalia, akaja bibi mmoja akanivua kitenge akasema Mzaramo huyu anajifanya analia anataka ubwabwa, msimpe, wao ndo walikuwa wanatuuzia chumvi ya kuchanganya na mchanga. Watu wakacheka msibani. Mimi nikabaki mdomo wazi, mama mwenye nyumba akaninong'oneza, na wewe jibu. Nikamjibu nyie mlikuwa mnabeba pembe za ndovu kichwani huku mmesahau kuvaa. Kuanzia siku hiyo nimekuwa mtu wa hapa. Kwa hiyo kabla hujaja ulizia wewe na Wanyamwezi mnataniana au vipi.

Misiba ndo kipimo. Hukuchanga, hukuja, hukubeba maji, basi na wewe likikufika utakaa peke yako. Sio vitisho, ndo utaratibu. Tenga hela ya misiba kila mwezi kama unavyotenga ya luku.

Usalama?

Kuku wanaibiwa, simu zinaibiwa, zaidi ya hapo nalala usingizi kuliko Mbagala. Sungusungu walianzia pande hizi za Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na bado wapo, mume wako ataitwa zamu ya ulinzi, aende, akituma hela badala ya mwili kila mara watamwona hivi hivi.

Nafanya kazi ya mtandao, intaneti ipo?

Mjini ipo inatosha, chukua laini mbili za kampuni tofauti. Ukitoka kilomita chache ndani vijijini unapanda kichuguu.

Kwenda Dar kukiwa na dharura?

SGR, ile treni mpya ya umeme, kwa sasa inatoka Dar mpaka Dodoma, toka Dodoma unadaka basi mpaka Tabora halafu unamalizia Urambo, weka siku nzima na mgongo wako. Treni ya zamani ya reli ya kati bado inapita hapa, reli hiyo ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914 na speed utadhani haijabadilika, ila na mizigo na watoto mi naipenda. Ndege ipo Tabora mjini kwa wenye nazo.

Mwenzangu hataki kabisa kuhama, nifanyeje?

Mlete Oktoba. Mume wangu alikuja peke yake Aprili kuripoti, akaniambia pazuri, nikaamini, na mwaka ule wa madeni kila nikifungua daftari nilikuwa namtazama yeye. Mkija wote mkaona wote, hakuna wa kumlaumu mwenzake. Na asiyekuwa na kazi ya kuja nayo ndo ana kura kubwa, maana mwenye uhamisho anakuja na ofisi yake na wenzake, yule mwingine anakuja kukaa na jua.

Nyie mtarudi lini Dar?

Mdogo alizaliwa Temeke lakini ukimuuliza kwao wapi anasema Urambo. Mkubwa akimaliza kidato cha nne tutakaa tuongee. Mwaka huu nimenunua cherehani ya nne tena.

Tukija kuangalia tunaweza kufikia kwako?

Karibuni, chumba kipo na neti ipo. Njooni na viatu vya kufunika sio sendo, na mkipita Kariakoo nibebeeni uzi mweusi boksi moja na nazi kumi.